Simu ya mezani inahamia intaneti, wazee wako tayari?

Mtandao wa zamani wa simu za mezani hapa Uingereza umepangiwa kuzimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Wengi wetu habari hii haijatushtua. Nani bado anapiga nyumbani kwa simu ya mezani? Zile kadi za kukwangua, zilizokula dakika kabla salamu hazijaisha, tuliziaga zamani. Leo Tanga na Mombasa ni WhatsApp tu.

Simu ya zamani ilikutengea njia yako peke yako tangu unapopiga hadi unapokata, uongee au unyamaze. Intaneti haimtengei mtu njia. Sauti hukatwa vipande, kila kimoja takriban sehemu ya hamsini ya sekunde, vikasafiri vimechanganyika na video za watu wengine na kuungwa upya mwisho wa safari. Kipande kikichelewa mno, hakisubiriwi. Hapo ndipo shangazi anapoanza kuongea kama roboti, nawe ukaitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hukulisikia.

Kukwaruza huko tumekuzoea. Kinachotutia wasiwasi ni umeme. Waya wa shaba ulikuja na umeme wake, takriban volti 50, kutoka kituo cha simu. Nyumba ikiwa giza totoro, simu bado ililia. Ruta ya intaneti, ambayo simu mpya huunganishwa nayo, haina uwezo huo. Novemba 2021 dhoruba Arwen iliziacha nyumba nyingi, hasa kaskazini mwa England na Scotland, bila umeme kwa siku kadhaa, na Machi 2022 kampuni ya simu ya BT ikasitisha kwa muda kuwahamishia wateja kwenye intaneti.

Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, inazitaka kampuni zimwezeshe anayetegemea simu ya mezani kupiga namba ya dharura 999 kwa angalau saa moja umeme ukikatika, bila kumtoza. Saa moja! Kwa mzee anayeishi peke yake kijijini ni kidogo mno, lakini hata hiyo huenda asiipate kama kampuni haijui hali yake. Na kengele nyingi za dharura za kuvaa shingoni zilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba.

Barua za kampuni huja kwa Kiingereza kizito, zikaishia droo moja na matangazo ya pizza. Vijana, mkienda kuwaamkia wazazi, zifungueni. Pigieni kampuni ya simu na ya kengele pia, na laini ikishahamishwa, bonyezeni kengele yenyewe msikie kama kuna anayejibu.