Maji ya Bomba Katika Miji Midogo: Baada ya Utepe Kukatwa

Ni furaha halali pale bomba la maji linapofunguliwa kwa mara ya kwanza katika mji mdogo. Kina mama waliozoea kuamka alfajiri kwenda mtoni hupanga ndoo zao mbele ya kituo cha kuchotea maji, viongozi wa serikali hukata utepe, na padre au sheikh, wakati mwingine wote wawili, huombwa kutoa baraka. Nasi tumesimama mahali hapo zaidi ya mara moja, tukanyunyizia bomba maji ya baraka na kushangilia pamoja na watu wetu. Swali ambalo halikuulizwa katika sherehe hizo, wala sisi hatukuliuliza, lilihusu kilichomo ndani ya maji yale, na nani atakayeyapima wiki ijayo, mwezi ujao na mwaka ujao.

Katika lugha yetu tumezoea kusema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kana kwamba ni neno moja. Lakini usafi huonekana kwa macho, na usalama hauonekani. Mnamo Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya binadamu, na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa kitume Laudato si', aliiweka haki hiyo kati ya haki msingi ambazo nyingine zote huzitegemea, huku akitaja waziwazi kwamba ubora wa maji wanayopata maskini ni tatizo zito. Si wingi wa maji pekee, bali ubora wake. Katika takwimu na hotuba zetu nyingi wingi ndio unaohesabiwa: vijiji vingapi vimefikiwa, mabomba mangapi yamejengwa. Ubora hubaki kwa fundi mmoja mwenye ufunguo wa chumba cha pampu.

Tunaomba msomaji atuvumilie tukimpeleka mbali kidogo, kwa sababu kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili kilitokea katika nchi tajiri yenye maabara, sheria na barabara nzuri. Walkerton ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Mwaka 2000 ulikuwa na wakazi wasiofikia 5,000. Maji yao ya bomba yalitoka katika visima vya mji, na kimojawapo, kilichochimbwa mwaka 1978, kilikuwa kifupi na jirani na shamba la mifugo. Mwezi Mei mwaka huo mvua kubwa zilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo, na maji ya mvua yakaubeba uchafu wa samadi hadi ndani ya kisima. Bakteria aina ya E. coli waliingia katika mabomba, na klorini iliyokuwa ikitiwa haikutosha kuwaua.

Kuanzia hapo tarehe zinajieleza. Sampuli zilichukuliwa Mei 15. Tarehe 17 maabara ilimjulisha meneja wa maji kwamba maji yana uchafu wa hatari. Meneja alikaa kimya. Watoto walipoanza kuharisha damu, maofisa wa afya walimpigia simu tarehe 19, na tena siku iliyofuata, wakiuliza kama kuna tatizo. Akawajibu kwamba maji hayana neno. Tarehe 21, siku ya Dominika, daktari mkuu wa afya wa eneo hilo aliamua kutosubiri tena karatasi ya mtu yeyote: kwa kuwatazama wagonjwa tu, alitoa amri ya kuchemsha maji. Amri hiyo ilisomwa redioni, na wakazi wengi hawakuisikia siku ile. Watu 7 walifariki dunia na zaidi ya 2,300 waliugua. Kuna watoto walioharibika figo.

Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza tume ya uchunguzi, hakukuta njama ya kuua. Alikuta mazoea, na jambo hilo lapaswa kutuogopesha zaidi. Kwa miaka mingi meneja na wasaidizi wake walikuwa wakiandika katika daftari viwango vya klorini ambavyo hawakuvipima. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba maji yananuka dawa, basi dawa ikapunguzwa. Wahusika wenyewe walikuwa wakinywa maji ya kisima yasiyotiwa dawa, wakiyaona matamu na mazuri. Walipewa leseni zao kwa sababu ya miaka ya kazi, bila mtihani. Ukaguzi wa serikali wa mwaka 1998 ulikwisha kuona dalili mbaya, lakini hakuna aliyerudi kuangalia kama zimerekebishwa. Serikali ya jimbo ilikuwa imepunguza bajeti ya wizara ya mazingira, na maabara za umma zilikuwa zimeacha kupima maji ya miji tangu mwaka 1996. Kazi hiyo ilikwenda kwa maabara binafsi, na hakuna sheria iliyozilazimisha kuwaarifu watu wa afya. Tume ilisema pia kwamba mfugaji jirani hakuwa na kosa. Alitunza samadi yake ipasavyo. Kifaa cha kupima klorini mfululizo, kama kingefungwa katika kisima kile, kingeliepusha janga lote. Mwaka 2004 meneja alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Twarejea nyumbani. Haitupasi kusema "hayo ni ya Kanada", kwa maana kila pengo lililotajwa na tume ile linaweza kupatikana katika mji mdogo wa kwetu, na mengine zaidi ambayo Walkerton haukuwa nayo.

La kwanza ni mgawo. Maji ya Walkerton yalitoka usiku na mchana. Katika miji yetu mingi bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki, au saa chache alfajiri. Bomba lenye maji yenye msukumo husukuma nje kupitia kila ufa. Bomba tupu hufanya kinyume, hufyonza kilicho nje, na kilicho nje katika mitaa iliyojengwa bila mpango ni maji ya mtaro na ya vyoo vya shimo. Ndiyo maana haitoshi kutia klorini pale tangini na kuondoka. Sehemu ya dawa hiyo lazima ibaki ndani ya maji mpaka yafike kwenye ndoo ya mtumiaji wa mwisho; Shirika la Afya Duniani linataka iwe angalau miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanapochotwa. Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Kuna vidonge vidogo ambavyo, vikiyeyushwa katika kichupa cha maji, huyageuza kuwa ya waridi, na ukolevu wa rangi huonyesha kiasi cha klorini kilichobaki. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza kupima hivyo kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo klorini ina maadui kati yetu sisi waumini. Tunasikia ikisemwa kwamba maji ya dawa yanaharibu chai, kwamba yanapunguza uzazi, kwamba ya kisima cha babu hayakuwahi kumuua mtu. Kuhusu chai twaweza kukubaliana; ladha hubadilika kidogo, na ukiacha maji wazi kwa saa kadhaa harufu hupungua. Kuhusu uzazi hakuna ukweli wowote. Na kuhusu kisima cha babu, kumbukumbu zetu ni fupi: kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na wengi wa waliokufa wakati ule walikuwa na majina ya Ubatizo kama sisi. Fundi akilalamikiwa harufu ya dawa kila siku, wala asisifiwe hata mara moja kwa ugonjwa ambao haukutokea, atafanya nini? Atapunguza dawa, kama walivyofanya wale wa Walkerton.

La pili ni lile ambalo klorini haliwezi, na kuchemsha hakuliwezi. Wasomaji wetu wa pande za Meru na Kilimanjaro wanalijua kwa kutazama meno ya ndugu zao. Miamba ya volkano hutoa madini ya floridi, na maji ya chemchemi nyingi za huko, hata yawe maangavu kama kioo, hubeba kiasi kinachozidi kile ambacho mwili wa mtoto unaweza kuvumilia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo vingine, iliruhusu kwa miaka mingi hadi miligramu 4, na katika miaka ya karibuni imekishusha kiwango hicho hadi 1.5. Meno ya kudumu huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, katika miaka ya kwanza minane hivi ya maisha. Yakishaota na madoa ya kahawia hakuna mswaki utakaoyatoa. Floridi ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Tumekutana na vijana katika mafundisho ya Kipaimara wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja.

Hapa mahubiri yetu ya kawaida ya afya, "chemsheni maji", hayasaidii. Maji yakichemka sehemu yake hupaa kama mvuke na floridi hubaki, basi yale ya sufuriani huwa na floridi nyingi kidogo kuliko mwanzo. Na magadi tunayotia katika makande ili mahindi yaive upesi huongeza mengine. Njia zilizopo ni kutafuta chanzo kingine, kuchanganya maji ya vyanzo viwili, au kutumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Chujio hilo nalo huchoka. Baada ya muda mkaa wake haushiki tena floridi, na mwenye nyumba hataona tofauti yoyote kwa macho wala kwa ulimi. Tunarudi palepale: bila kipimo, hakuna ajuaye.

Nani basi anayajibia maji haya? Kwa sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019, vijijini na katika miji mingi midogo usimamizi uko chini ya RUWASA, ambayo hufanya kazi kupitia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Mamlaka za maji za mijini zinadhibitiwa na EWURA. Na Wizara ya Maji ina maabara zake mikoani. Kwenye karatasi mpango huu una mantiki, na unaheshimu ile kanuni ya mafundisho jamii ya Kanisa isemayo kwamba jambo linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na kubwa. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili unaosahaulika mara nyingi: ile kubwa inawajibika kuisaidia ndogo. Chombo cha jamii chenye wateja mia chache, ambao nusu yao hawajalipa bili tangu Pasaka, hakiwezi kununua dawa, kumlipa fundi, na kusafirisha sampuli hadi maabara ya mkoa ndani ya saa 24 zikiwa katika ubaridi. Kumwachia mzigo huo wote na kuuita ushirikishwaji wa wananchi ni kumtelekeza. Wala msharika anayechota bila kulipa asitafute mchawi mbali.

Inatupasa pia kusema ukweli juu ya nyumba yetu wenyewe. Kanisa ni mtoa huduma ya maji. Parokia zetu, shule zetu za bweni, zahanati na nyumba za masista zina visima vilivyochimbwa kwa misaada ya marafiki wa ng'ambo, na majirani huchota hapo kwa imani kubwa, kwa sababu ni maji ya misheni. Siku ya uchimbaji kulikuwa na cheti cha maabara. Kilipelekwa kwa mfadhili pamoja na picha. Je, tangu hapo? Tunawafahamu mapadre wenzetu wasioweza kusema kisima chao kilipimwa lini mara ya mwisho, na mpaka mwaka jana sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao. Tulipopeleka sampuli majibu yalionyesha bakteria, si kutoka chini, bali kutoka katika tangi la juu ambalo mfuniko wake ulikuwa umepeperushwa na upepo siku zisizojulikana, na ndege walikuwa wakinywa humo. Tulitangaza jambo hilo baada ya Misa zote mbili za Dominika. Haikuwa rahisi, na wapo walioona tunaichafua parokia. Mzee mmoja wa kanisa alitushauri kwa upole tutengeneze mfuniko kimyakimya, mambo yaishe. Alikuwa na nia njema. Meneja wa Walkerton naye alianza kusafisha mabomba na kuongeza klorini kimyakimya, akitumaini mambo yataisha kabla mtu hajajua.

Tunachoomba si kikubwa. Kamati ya maji inapoitisha mkutano, mwanajumuiya mmoja asimame aulize sampuli ya mwisho ilichukuliwa lini, ilichukuliwa bomba gani, na majibu yalisemaje. Na akijibiwa kwamba majibu yako ofisini, aombe yatolewe nje. Fundi wa maji, ambaye pengine ni mwimbaji wa kwaya yetu, asiulizwe kama mshtakiwa, maana akiogopa ataanza kuandika tarakimu za kupendeza. Kwa upande wetu, dekania yetu imekubaliana kwamba kuanzia msimu ujao wa mvua kila parokia yenye kisima itapima maji yake mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na baada ya mvua za kwanza. Karatasi ya majibu, iwe nzuri au mbaya, itabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya kanisa, pembeni ya matangazo ya ndoa.