Kabla ya kiatu kununuliwa, mguu nao uulizwe

Kiangazi cha Januari hadi Machi kina mambo yake. Maji hupungua mifereji, ng'ombe hukonda, na miguu ya watu huvimba. Hilo la tatu halitangazwi redioni, lakini kila anayetembea kutoka kituo cha matatu hadi nyumbani jua likiwa utosini analijua. Kiatu kilichomkaa mtu vizuri alfajiri humbana saa tisa alasiri. Na katika nyumba nyingi zenye kijana wa miaka 13 hadi 17, huu ndio msimu ambapo ubishi juu ya viatu huwaka, maana shule zimefunguliwa na viatu vya mwaka jana havimwingii tena.

Mama husema, "Hivi vina nguvu, vitakufikisha mwaka ujao." Mtoto huviangalia kama aliyeandaliwa uji usio na sukari. "Mama, hivi ni vya wazee. Watanicheka." Baba, ikiwa yupo, huuliza bei. Mwishowe hushinda mwenye pesa, au mwenye machozi mengi. Katika ubishi wote huo mguu wenyewe haukuulizwa lolote.

Maoni yangu ni kwamba tunamwonea kijana tunapomtupia yeye lawama zote. Ni kweli tineja yu tayari kuvumilia maumivu ili apendeze mbele ya wenzake. Umri wake ndio unaomfanya awe hivyo, na si yeye wa kwanza. Vijana wa miaka ya 1970 walitembea juu ya soli nene kama matofali. Miaka ya 1990 soli hizo zikarudi, na leo zimerudi tena, wajukuu wakidhani wao ndio waliozivumbua. Lakini sisi wazazi nasi tunanunua kwa macho. Tofauti ni kwamba macho ya kijana yako kwenye rangi na jina lililoandikwa ubavuni, na yetu yako kwenye bei na unene wa ngozi.

Iko desturi ambayo msomaji bila shaka anaijua. Mzazi anakwenda sokoni bila mtoto. Anachukua kijiti, anapima unyayo kutoka kisigino hadi kidole gumba, anakikata na kukitia mfukoni. Akifika Gikomba, au Kongowea, au Kibuye, anakiingiza kijiti ndani ya kiatu, anaongeza nafasi ya vidole viwili kwa kuwa "huyu anakua", analipa na kurudi zake. Kijiti kinajua urefu tu. Hakijui upana. Hakijui kimo cha mguu kwa juu, pale zinapofungwa kamba. Wala hakijui kwamba watu wengi wana mguu mmoja unaozidi mwenzake kidogo, au kwamba si kila mtu ambaye kidole gumba ndicho kirefu kuliko vyote. Wako wengi ambao kidole cha pili kimekipita.

Matokeo yake ni kijana anayetembea ndani ya kiatu badala ya kutembea na kiatu. Kila hatua mguu unateleza mbele, kucha zinagonga, kisigino kinasuguliwa. Ukiona mtoto anakunja vidole ili kiatu kisimtoke, jua anafanya kazi ambayo kamba za kiatu zingeifanya. Malengelenge humwota kabla ya Ijumaa. Kiatu kinachobana ni kibaya zaidi, maana hapo ukucha husukumwa ukaota ndani ya nyama, na sugu hujitokeza juu ya vidole, na mwenyewe hasemi kitu kwa sababu viatu ni vile alivyovililia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mguu mmoja una mifupa 26. Katika utoto sehemu za mifupa hiyo bado ni gegedu, yaani ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio, nazo hugeuka mfupa kamili pole pole. Mguu wa msichana kwa kawaida hukaribia kumaliza kukua akiwa na miaka 14 hivi, na wa mvulana miaka 16 hivi. Mguu hutangulia kimo. Ndiyo sababu mvulana wa miaka 13 huonekana amevaa miguu ya baba yake juu ya mwili wa mtoto, akajikwaa kila kizingiti. Katika miaka hiyo mguu unaweza kupita namba moja nzima kwa mwaka, kwa hiyo kupima mara moja kila Januari hakutoshi. Kila mwanzo wa muhula ndio kipimo cha haki.

Katika umri huohuo wa kukua huwapata watoto wengi maumivu ya kisigino, hasa wale wapendao kandanda na riadha, kati ya miaka 8 na 14 hivi. Mfupa wa kisigino una sehemu ambayo bado haijaungana, nao mshipa mnene wa nyuma ya mguu huivuta kila anaporuka au kukimbia juu ya ardhi ngumu. Si ugonjwa wa kutisha, na hupoa mfupa ukishakomaa. Lakini mtoto huyo anahitaji kupumzika michezo kwa muda na kuvaa kiatu chenye kisigino laini ndani, si kuambiwa kwamba anakwepa kwenda kuteka maji. Akichechemea zaidi ya wiki mbili, au kisigino kikivimba au maumivu yakimwamsha usiku, apelekwe zahanati.

Sasa tuje kwenye mitindo. Kiatu cha kuchongoka mbele hukusanya vidole vitano mahali pa vitatu. Kile kinundu kinachotokeza kando ya kidole gumba aghalabu hurithiwa, kwa hiyo binti ambaye mama au nyanya yake anacho awe mwangalifu zaidi. Kiatu chembamba hukiharakisha na kukitia moto. Viatu vya mchuchumio huhamisha uzito wa mwili kutoka kisigino hadi mbele ya unyayo, na vikivaliwa kila siku misuli ya nyuma ya mguu hufupika. Kwa harusi ya Jumamosi havina neno. Kwa kutembea kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, kisigino kisizidi sentimita mbili au tatu. Soli nene isiyopindika ni hatari kwa kifundo cha mguu penye barabara za mawe, nazo ndizo tulizo nazo. Champali, na hivyo viatu vya kuchomeka mguu ambavyo vijana siku hizi huvivaa na soksi, ni vya kuogea na kwenda dukani. Havina kitu cha kukishika kisigino, kwa hiyo vidole hung'ang'ania njia nzima.

Raba, hata zile zenye rangi za kuumiza macho, mara nyingi ni kiatu kizuri cha kutembelea! Hapo kijana yuko sahihi kuliko mzazi, na ni vyema akaambiwa hivyo. Nyepesi, hupindika penye vidole, hufungwa kwa kamba, hupitisha hewa ikiwa juu ni kitambaa. Mzazi anayeikataa kwa kuwa "si kiatu cha heshima" anagombana na mguu wa mtoto bure.

Kijana mwenyewe apewe habari za Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 kule Roma, kwa kuwa viatu vipya alivyojaribu havikumkaa sawasawa, alikimbia marathoni miguu mitupu akachukua dhahabu. Mwaka 1964 kule Tokyo alivaa viatu vilivyomfaa, akashinda tena kwa muda mfupi zaidi. Hapakuwa na aliyeuliza viatu vile vya 1960 vilikuwa vya rangi gani.

Ushauri wangu basi ni mapatano. Nendeni dukani au sokoni pamoja, mzazi na kijana, na mwende alasiri miguu ikiwa imeshavimba. Kijana avae soksi atakazovaa kweli. Ajaribu viatu vyote viwili akiwa amesimama, si ameketi, na mguu ule mkubwa ndio uamue. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono, sentimita moja hivi. Hiyo ndiyo nafasi ya kukua. Ya vidole viwili ni ya kumwangusha. Kikunjeni kiatu kwa mikono: kipindike mahali vidole vinapopindika, na kikijikunja katikati kama chapati kirudishwe. Kibonyezeni nyuma, pakae imara. Halafu atembee, si hatua mbili, bali hadi mwisho wa safu ya vibanda na kurudi. Viatu vilivyopita mtihani huo vikiwa vitano, mzazi anyamaze na kijana achague rangi, jina na mtindo autakao. Hapo kila mmoja ametawala anapostahili kutawala.

Wenye vibanda wengi hukubali mtu ajaribu namna hiyo akiomba kwa adabu. Asiyekubali, yuko jirani yake.

Kwa mitumba kuna la ziada. Kiatu kilichovaliwa kimekwisha kujifunza mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma; kikiwa kimelala upande mmoja, kitamlaza na mwanao. Tazama soli ilipolika. Ingiza mkono uguse ndani, na ukikuta shimo la kisigino au vidole vya mwenye kwanza, badilisha soli ya ndani au kiache. Namba nazo zisikudanganye, maana namba 6 ya Uingereza si namba 6 ya Marekani, na ya Ulaya huandikwa 39 au 40. Ukifika nyumbani kioshe kwa sabuni na ukianike juani hadi kikauke kabisa kabla ya kuvaliwa.

Jasho ni habari nyingine ya msimu huu. Nyayo zina vitundu vingi mno vya jasho, na kiatu cha plastiki kinachong'aa kama ngozi hulizuia lote humo ndani. Kuvu hupenda hapo. Ngozi kati ya vidole hulainika, ikawa nyeupe, ikachanika na kuwasha, na katika shule za bweni ambako watoto hukopeshana champali na soksi hupita kitanda hadi kitanda. Miguu ioshwe jioni na kufutwa kati ya vidole, soksi za pamba zibadilishwe kila siku, na kama uwezo upo kijana awe na jozi mbili za viatu ili moja ikauke siku nzima. Ikishaingia, krimu ya klotrimazoli inayouzwa duka la dawa hufaa, lakini ipakwe majuma mawili hadi manne, hata kama mwasho umekwisha siku ya tatu. Kijana mwenye kisukari akipata kidonda chochote mguuni, asijaribu dawa za dukani. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Haya yote ni kazi bure ikiwa lango la shule linadai kiatu cheusi cha ngozi kilichofungwa, na kama hujakivaa hurudi nyumbani. Katika miji kama Garissa na Lodwar, joto la Februari na Machi hupita digrii 35. Mtoto wa huko anavaa kiatu kilichobuniwa kwa baridi ya Uingereza. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300 wa miaka 4 hadi 13. Waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Wasiovaa, asilimia 2.8. Na hao wenye viatu vilivyofunika vidole walizidi wale wa viatu vya wazi. Nyayo bapa si lazima ziwe ugonjwa, na wale walikuwa wadogo kuliko matineja wetu. Hata hivyo, hakuna cha kutufanya tuamini kwamba kiatu kilichofungwa ndicho kinachoutunza mguu kuliko vyote.

Simaanishi watoto waende miguu mitupu. Mnyoo wa safura hupenya kwenye ngozi ya unyayo, funza hungoja vumbini, na miiba haina huruma. Katika maabara na uwanjani kiatu kilichofunika kina kazi yake. Lakini darasani na njiani, kiatu cha wazi cha ngozi nyeusi chenye mkanda wa nyuma kingetosha. Mafundi wa Pwani wameshona makubadhi kwa vizazi vingi. Kuyaongezea mkanda wa kisigino si kazi ya siku mbili. Watoto wote wangefanana, kama walimu wapendavyo, na naamini vijana wangeyapenda kuliko yale magogo meusi wanayovua mara tu wanapopita lango. Sare huamuliwa na shule, si mbingu. Mkutano wa wazazi wa muhula wa kwanza huitwa wakati jua liko kali, na mwalimu mkuu naye atakuwa amevaa viatu vilivyofungwa. Aulizwe hapo hapo.