Kiota au Mlinzi? Hoja za Virusi vya Minyoo

Utafiti wanaoutaja watu wa barazani upo. Mwaka 2024 watafiti wa Liverpool walitangaza kukuta virusi 91 ndani ya aina 28 za minyoo wa mviringo wanaoishi miilini mwa watu na wanyama. Yaliyojengwa barazani juu ya utafiti huo ndiyo nayaleta mbele yenu, wasomaji, muamue.

Wanasema dawa ya kingatiba ikimuua mnyoo, virusi humwagika mwilini, basi heri kumwacha. Kweli, mnyoo akifa, yaliyomo ndani yake hutoka. Lakini nani kawaambia asiyemeza dawa hana mizoga? Mnyoo jike wa usubi, kwa mfano, huishi miaka zaidi ya 10 akizaa maelfu kwa maelfu. Watoto hao hufa wenyewe ngozini na machoni, na uvimbe uletwao na mizoga yao ndio unaopofua. Anayekimbia mzoga mmoja amechagua makaburi.

Wanasema pia kwamba wakazi wa maeneo ya usubi wamekutwa na kingamwili dhidi ya virusi vya mnyoo huyo, kwa hiyo ni wagonjwa. Mtoto aliyechanjwa surua anazo kingamwili za surua, je, anaumwa?

Kisha wanageuka: minyoo huimarisha kinga. Hapa wameshika nusu ya ukweli. Mnyoo huituliza kinga asishambuliwe, na pengine mzio nao hupungua. Ila kutuliza si kuimarisha. Huko Kyela, matokeo ya 2016 yalionyesha wenye minyoo wa matende waliambukizwa VVU takriban mara mbili ya wasio nao. Na wanaomsifu mnyoo hivi ni wale wale waliomwita kiota cha virusi sasa hivi! Wachague: kiota au mlinzi?

Hoja iliyobaki ni ya Tabora hasa: eti virusi vililetwa na misafara ya zamani kutoka pwani. Ushahidi? Hawana. Mdudu ambaye safari yake ya kuvuka bara enzi zile inajulikana ni funza, naye ni kiroboto, si mnyoo. Alishuka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akafika pwani yetu kabla ya 1900, akitokea magharibi. Mwelekeo wenyewe wameupindua.

Tena usubi wa nchi hii uko Mahenge, Tukuyu, Tanga na Ruvuma. Anayewasubiri watoto wa Tabora mabwawani ni mnyoo wa kichocho. Huyo ni mnyoo bapa, na katika utafiti wanaotutishia nao hakuwamo.