Joomla ni jumla: jina letu, na kazi je?



Leo nataka kusema juu ya Joomla, na mkinifuata mtaona siasa imo humo humo. Wengi mmeshaitumia bila ya kuijua. Ni programu ya kuendeshea tovuti: unaandika khabari, unatia picha, unaipanga pale unapotaka, na huhitaji kuwa fundi. Haiuzwi. Yeyote anaichukua, anaifungua ndani na kuibadilisha. Na jina lake ni neno letu, jumla, limeandikwa hivyo ili Mzungu aweze kulitamka. Hapa Bustan ninapokaa, hata jirani yangu asiyejua Kiswahili analielewa, maana sisi tumelipata kwao.

Lilivyozaliwa jina hilo ndiyo penye siasa. Kabla yake kulikuwa na programu ikiitwa Mambo, iliyoanzishwa na kampuni ya Australia, Miro, kisha ikaachiwa umma. Watu wa nchi mbali mbali wakaijenga kwa kujitolea mpaka ikapata sifa. Mwaka 2005 ikaundwa taasisi ya kuisimamia, na wale waliokuwa wakiifanyia kazi hasa wakaona mpango wenyewe unaiachia kampuni usukani. Agosti mwaka ule wakajitoa kwa pamoja, na Septemba wakatoa Joomla. Jina la Mambo wakaliacha. Kazi wakaondoka nayo, tena kwa haki kabisa, kwa sababu leseni ilimruhusu kila mtu kunakili na kuendeleza. Mambo ikakauka baada ya miaka michache. Joomla ipo mpaka leo.

Mzanzibari akisikia hayo lazima akumbuke tarehe 18 Machi 2019. Mahakama Kuu ilimtambua Profesa Lipumba kuwa mwenyekiti wa CUF, na siku ile ile Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo yeye na wenzake. Shusha tanga, pandisha tanga! Sitaki kufufua malumbano ya nani alikuwa na haki. Maalim mwenyewe ametangulia mbele ya haki tangu Februari 2021. Nasema tu kwamba jina lilibaki kwengine na watu wakahama. Suali ambalo sikumsikia mtu akiliuliza ni hili: maandishi ya tangu 1992, hotuba, picha, orodha za waliofungwa na waliouawa, yanakaa wapi, na nani anaweza kuyafungua?

Na sisi huku nje tusijidai. Hesabuni tovuti za Wazanzibari zilizokuwa zikivuma miaka ya 2000, ngapi ziko hai? Kikundi kimoja cha huku, sitokitaja, kilikuwa na tovuti yenye tanzia za wazee wetu, nasaba za watu na picha za waliovuka baada ya 1964. Neno la siri alikuwa nalo mtu mmoja. Akagombana na wenzake juu ya fedha za mchango, akaacha kulipia, na siku moja unafungua unakuta tangazo la viatu. Programu ilikuwa ya bure! Hakuna sheria wala leseni iliyomzuia mtu kuchukua nakala. Hakuna aliyechukua.

Jengine linaloniuma ni lugha. Hawa wa Joomla wameendelea kutuheshimu, matoleo yao wanayapa majina ya Kiswahili. Agosti 2021 walitoa mawili siku moja, Daraja na Furaha, halafu wakaja na Kuamini na Uaminifu. Sisi tunafurahi, tunatumiana kwenye simu, basi. Kufasiri ni kazi ya kujitolea na mlango uko wazi. Wala msiniambie haiwezekani: Disemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Najua tutabishana maneno. Watu wa bara watataka nywila, neno ambalo bibi zetu wa hapa watadhani ni jina la samaki, na mimi nitashikilia neno la siri. Afadhali tubishane kwa hilo. Wajukuu wa hapa bibi anawasemesha Kiswahili wanamjibu kwa Kiarabu, na hao hao wanasomea kompyuta vyuoni. Mpe mmoja maneno mia mbili ya kufasiri, bibi akae ubavuni, uone kama hatouliza.

Pendekezo langu ni dogo. Tovuti yoyote ya jumuiya itakayofunguliwa, ufunguo washike watu watatu: mmoja Unguja au Pemba, mmoja Oman, mmoja Ulaya au Canada, na wasiwe ndugu wa tumbo moja. Nakala ya kila kitu itolewe kila mwezi, kila mmoja abaki na yake. Na ada ya mwaka isilipwe kwa kadi ya mtu binafsi, hata akiwa mcha Mungu namna gani, kwa sababu watu hufa na watu hununa.

Kwa upande wa Oman mimi niko tayari kushika. Tunamtafuta wa nyumbani.