MIWANI YA MKUTANO NA SHINGO ZETU



Wako matajiri wanaotaka makarani wavae miwani mikubwa ya kompyuta, wakutane na wenzao wa Ulaya kana kwamba wamekaa meza moja. Chombo hiki hufunika macho yote na kufungwa kichwani kwa mkanda. Sisi hatukatai chombo kipya. Twauliza tu: kitavaliwa saa ngapi?

Aina moja inayojulikana, Meta Quest 3, ina gramu 515, zaidi ya nusu kilo, na sehemu kubwa yake imelalia usoni. Shingo ndiyo inayolipa. Macho nayo huonyeshwa mara kitu cha karibu, mara cha mbali, hali picha yenyewe iko umbali ule ule; ndipo yanapochoka.

Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Coburg, Ujerumani, walieleza majaribio yao. Watu 16 walifanya kazi ndani ya miwani ya namna hiyo saa 8 kwa siku, siku 5. Wengine wawili waliacha siku ya kwanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu. Wale waliweza kuacha. Karani wetu akiacha, ataenda wapi?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinganishe vyombo na mfanyakazi. Basi twataka yaandikwe katika mapatano, kabla mtu hajavaa: muda wa kuvaa, muda wa kupumzika, na ruhusa ya kuvua pasipo kukatwa mshahara. Wawakilishi, waulizeni mabwana wenu juma hili, mtuletee majibu yao ofisini.