Aliyetapeliwa si Mjinga

 

Ndugu Waislamu, kila anapotapeliwa mtu hapa Tarime au kule Mugumu, hukumu yetu huwa moja: mjinga huyo, tamaa imemponza. Hukumu hiyo haina insafu, nayo humnufaisha tapeli.

Tumtazame tapeli wa kwanza. Katika Surat al-A'raf, aya ya 20 na 21, Iblis hakumjia Adam (A.S.) na mkewe kwa sura ya adui. Aliwagusa penye matamanio, kubaki milele, kisha akawaapia kuwa yeye ni mwenye kuwanasihi. Adam hakuwa mjinga. Alikwisha kufundishwa majina yote. Wafasiri wamesema hakudhani kuwa yupo athubutuye kuapa uongo kwa jina la Mola.

Silaha hizo hazijabadilika. DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, iliwaita watu "wapande mbegu" ili "wavune", na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa ni mbegu za waliofuata. Aliyemwona jirani yake amelipwa aliona ushahidi kwa macho yake, asijue kuwa malipo yale ndiyo chambo. Wala tusiwacheke Wakristo: kanzu na kofia nazo huaminiwa, na tapeli anajua kuzivaa. Hata ule ujumbe wa simu, "ile hela tuma kwenye namba hii", humnasa aliye na deni la kweli, akatuma kabla ya kuuliza.

Baada ya hasara huja aibu. Aliyedhulumiwa hunyamaza akiogopa kuchekwa, na tapeli huhamia nyumba ya pili. Basi kicheko chetu ndicho kinachomfungulia mlango.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, tushike Surat al-Baqara aya ya 282: deni liandikwe na mashahidi wawepo, hata baina ya ndugu, hata akiwa imamu. Anayechukia kuandikiana, au anayekuharakisha, huyo wa kuogopwa. Pili, aliyetapeliwa asimulie msikitini, naye asikilizwe kwa heshima.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muumini haumwi mara mbili katika shimo moja. Lakini jamaa watalijuaje shimo, ikiwa aliyeumwa tumemziba mdomo?

Allah atukinge na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.