Ajali Ianzayo Ardhini

Tarehe 24 Januari 1954, katika kiwanja cha Butiaba kando ya Ziwa Albert, nchini Uganda, ndege ndogo aina ya de Havilland Rapide iliyombeba mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe ilikimbia juu ya ardhi mbovu, ikadundadunda, ikainuka kidogo, kisha ikaanguka na kushika moto. Na abiria hao, ambao jana yake tu walikuwa wamesalimika katika ajali nyingine karibu na maporomoko ya Murchison, wakatoka hai kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Walimwengu walizungumza sana habari za mtu yule mashuhuri. Mimi fikira zangu zavutwa na kile kiwanja.

Wala mtu asidhani kwamba hayo ni ya zamani, kwani tarehe 28 Novemba 2023, huko Kikoboga katika Hifadhi ya Mikumi, ndege mbili zilipatwa na ajali siku moja, ya kwanza ikitua na ya pili ikiruka.

Sisi wakazi wa nyanda za Songwe mas-ala haya yatuhusu kuliko wengi. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mahali ambapo injini hupata hewa haba ya kuchomea mafuta na mabawa nayo hupata haba ya kuyainua. Marubani hufundishwa kwamba kila futi 1,000 za mwinuko huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya masafa ya kurukia, na majani yaliyolowa huongeza karibu theluthi. Tena nyongeza hizo huzidishana, hata ndege ihitajiyo mita 500 pwani yaweza kuhitaji karibu mita 1,000 hapa kwetu wakati wa masika. Joto la mchana, tope na shehena iliyozidi bado sijavitia hesabuni.

Ni kweli kwamba tangu Desemba 2012 tunacho kiwanja kikubwa cha lami, kile kiitwacho Songwe, ijapokuwa kimo katika mkoa wa Mbeya. Lakini ndege ndogo ina faida kwa sababu hufika pasipo lami, na mgonjwa aliyezidiwa huko bondeni Rukwa hawezi kungojea lami imfuate.

Basi kiwanja cha udongo sharti kiwe na mtu wa kukiangalia: afyeke majani, afukie mashimo, azuie ng'ombe na bodaboda, na asubuhi ya safari ampelekee rubani habari za hali ya ardhi. Na rubani akisema mzigo upunguzwe, au safari ingojee jua lishuke, asishurutishwe na mkubwa yeyote mwenye haraka, maana aghalabu taksiri hutendeka hapo, injini haijawashwa bado. Halmashauri zetu hutenga fedha za barabara kila mwaka. Nazisihi zitenge fungu, hata liwe dogo, kwa viwanja hivi, na mshahara wa mlinzi wake uwemo.